Nyumbu Ishirini

Mkononi sina wino,
kinywani hamna meno,
nimebakiwa na neno
nalo nataka tubia.

Jina langu Waimundi,
karani wake Hamondi;
hacheki wala hapendi,
mwewe tu wa kuwindia.

Mvua ya mwezi wa tatu
ililowesha viatu,
bibi harusi na watu
Winchesta wakaingia.

Auria wa Navara,
huko jua linang'ara;
kwetu mikono, ishara,
neno hakulisikia.

Ujanani nilihiji;
kwao, homa kwenye mji,
mjane kanipa uji
na lugha akanitia.

Nikawekwa katikati,
kigoda changu si kiti,
mezani, kila wakati,
maneno kuwavushia.

Hamondi akauliza:
"Baba yake kapunguza
nyumbu, au ameuza?
Ishirini katwibia!"

Nikamwangalia uso
wa safari na mateso,
umekunjwa kama leso;
huruma kaniingia.

Nikasema: "Anasema,
umefika kwa salama,
pumzika, binti mwema,
moto tumekuwashia."

Naye, pua kaikunja:
"Mwambie, hapa naonja
kondoo kila kiwanja,
na kuta maji zalia."

Nikageuka kwa bwana:
"Ashukuru sana, sana;
ndotoni aliiona
kabla ya kuingia."

Hamondi akakohoa,
joho lake akatoa,
lenye vumbi na madoa,
mabegani kamtia.

Miaka saba kamili
nikiwapa tu asali
badala ya siki kali;
wakanywa, wakarudia.

Akifoka: "Mpumbavu!"
nikasema: "Mtulivu."
Mke: "Mzee, mvivu."
"Shujaa," nikamwambia.

Hata chumba cha kulala,
macho nimefumba, sala
midomoni, na suala
lao nikiwavushia.

"Ana baridi miguu!"
mke kalalama juu
ya kitanda. "Ee mkuu,
asema, wamvutia."

Kwa neno nisilopewa,
mizabibu kaletewa;
miche bahari kulewa,
barafu ikafukia.

Yeye, kuona vijiti
vikavu kama mauti,
akapiga chini goti,
kucheka, huku alia.

Nikawaona uani
wametulia jiweni;
sikuitwa, na moyoni
wivu ukanichimbia.

Mto ukikosa maji,
afaani mvushaji?
Nikarudi kula uji
jikoni, najinunia.

Auria yumo humo,
kwa wapishi, bila kimo,
akirudia misemo;
mimi nikapuuzia.

Kisha vita vya mpaka,
mshale ukamfika,
kidonda kikachafuka,
waganga wakakimbia.

Usiku akatuita,
kakohoa, akasita,
mkono wake kavuta,
kifuani kautia.

"Mwambie, karani, hivi:
baba yake siye mwivi,
nilisema kwa ugomvi,
nyumbu nimemwachilia.

Hao nyumbu ishirini
leo wangekuwa nini?
Mifupa. Yeye nyumbani
bado ananisalia."

Kinywa nikakifungua:
asali niloijua
yote nimeshakamua
uongo kuutilia.

Sasa kweli imekuja,
sina neno hata moja;
nikasimama nangoja,
kama bubu, ninalia.

Mke kanambia: "Kaa."
Kwa lugha yetu! Balaa!
Lugha ya jiko, mkaa,
wapishi kawasikia.

"Miaka mitano sasa
nasikia, bila kosa,
tusi ukilitakasa.
Nami nikakuachia.

Nilitaka mume yule
wa kinywani mwako; mbele
ya macho, pole kwa pole,
huyu akamfikia."

Hamondi, kwa mazoea,
kwangu akaelekea:
"Asemaje?" Kangojea,
mwewe pembeni alia.

Nikasema: "Anasema,
umefika kwa salama,
pumzika, bwana mwema,
moto amekuwashia."